Debe Tupu na Hesabu Zake: Je, Programu za Kusanifu Masanduku ya Sabufa Husema Kweli?

Wahenga waliponena kwamba debe tupu haliachi kuvuma, walikusudia kumsuta mtu mwenye maneno mengi na maarifa haba. Hata hivyo, usuto huo ukiwekwa kando, methali yenyewe inabaki kuwa kauli sahihi ya fizikia. Chombo chenye tumbo na mdomo huvuma kwa sababu hewa iliyo mdomoni husukumana na hewa iliyo tumboni, mfano wa uzito ulioning'inizwa kwenye springi, na kila chombo huwa na mlio mmoja kinaoupenda kuliko mingine yote. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliifanyia hali hii hesabu katika karne ya 19. Mtoto wa Rukanga apulizaye mdomo wa chupa tupu huupata mlio huo huo, na akitia maji kidogo akapuliza tena, mlio hupanda. Hamjui Helmholtz, wala Helmholtz hakumjua, lakini wote wawili wanashughulika na jambo moja: ujazo wa tumbo ukipungua, mlio hupanda.

Sanduku la sabufa lenye tundu, lile linalofungwa nyuma ya magari ili besi isikike hadi kifuani, ni chupa ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba mahali pa mpulizaji pana spika. Gari la abiria linalotoka Voi, likaiacha barabara kuu ya Nairobi na Mombasa pale Maungu na kuufuata mlima Kasigau kuelekea Rukanga, Bungule au Makwasinyi, hubeba watu, magunia, kuku na muziki. Muziki huo hutoka katika sanduku lililopimwa, likakatwa na kugongomelewa na fundi. Zamani fundi alipima kwa jicho, au aliiga sanduku la mwenziwe lililosifiwa. Siku hizi kuna programu za tarakilishi za kumfanyia hesabu: WinISD inayopatikana bila malipo, BassBox Pro inayouzwa, Hornresp iliyoandikwa na David McBean wa Australia, na nyinginezo. Fundi huingiza tarakimu za spika, programu humchorea mstari wa mwitiko na kumtajia lita za sanduku na urefu wa bomba.

Hapo ndipo unapozuka ubishi. Wapo wanaoshikilia kwamba programu ni za uongo, kwamba mchoro hupendeza kwenye kioo lakini sanduku likishafungwa garini halilii kama lilivyoahidiwa. Wapo pia, aghalabu vijana, wanaoamini kwamba tarakilishi haikosei na kwamba likiharibika jambo, wa kulaumiwa ni aliyeshika msumeno. Rai ya makala haya ni kwamba programu hizi ni sahihi kuliko wanavyodhani wanaozibeza, na kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayotwikwa tarakilishi huingia kwa mlango ambao wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaujua vyema: mlango wa lugha.

Kwanza ifahamike kwamba hesabu zenyewe si za kubahatisha. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba sanduku lenye tundu pamoja na spika yake vinaweza kuhesabiwa kwa njia zile zile zinazotumiwa kuhesabu sakiti za umeme. Richard Small, Mmarekani aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Sydney, aliipanua kazi hiyo katika mfululizo wa makala miaka ya 1972 na 1973. Tarakimu zinazoandikwa kwenye karatasi ya spika bora hata leo huitwa kwa majina yao wawili. Tatu ndizo kuu: Fs, ambayo ni mlio wa asili wa spika ikiwa nje ya sanduku, Vas, ambayo ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ulaini wa mikunjo inayoishikilia koni ya spika, na Qts, ambayo hueleza jinsi mtetemo wa koni unavyodhibitiwa usiendelee baada ya umeme kukatika. Programu nyingi zinazotumiwa na mafundi, rahisi kwa ghali, zimejengwa juu ya msingi huo. Ndiyo maana programu mbili tofauti zikipewa tarakimu zile zile hutoa majibu yanayokaribiana sana.

Hata penseli inatosha kuthibitisha. Tuseme spika ina mlio wa asili wa mitetemo 28 kwa sekunde na Vas ya lita 60, nayo inatiwa katika sanduku lililofungwa kabisa la lita 30. Sitini ikigawanywa kwa thelathini ni mbili. Ikiongezwa moja ni tatu. Kipeuo cha pili cha tatu ni 1.73 na kitu. Ikizidishwa kwa 28, mlio wa spika ndani ya sanduku unapanda hadi karibu mitetemo 48. Programu itasema hivyo hivyo, na chombo cha kupimia kikiwekwa mbele ya sanduku lililojengwa kwa uangalifu kitasema jambo la kukaribiana na hilo. Hadi hapo hakuna uongo wowote.

Sasa na lichukuliwe sanduku lenye tundu, ambalo ndilo linalopendwa zaidi katika magari ya abiria kwa kuwa hutoa besi nyingi kwa umeme ule ule. Tuseme programu imeagiza lita 50 na bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 31 hivi, ili sanduku liwe na mlio wa mitetemo 35 kwa sekunde. Fundi anachukua futikamba na plaiwudi ya milimita 18. Anakata sanduku la sentimita 50 kwa 40 kwa 25. Anazidisha: ni lita 50 kamili. Anatia gundi, anapiga misumari, anaziba mianya kwa silikoni, na kazi yake kwa macho haina dosari. Lakini zile lita 50 ni za nje. Unene wa ubao ukiondolewa pande zote, ndani hubaki sentimita 46.4 kwa 36.4 kwa 21.4, yaani lita 36 tu. Spika yenyewe ina mwili, nao huingia ndani ya sanduku. Ikichukua lita 3, na bomba likichukua lita 3 nyingine, hewa iliyobaki ni lita 30. Chupa imetiwa maji bila ya mpulizaji kujua. Mlio wa sanduku haupo tena kwenye 35, bali umepanda hadi 45.

Tofauti ya mitetemo 10 huenda ikaonekana ndogo kwa asiyeshughulika na mambo haya. Si ndogo. Uzi mnene wa gita la besi, ule unaotegemeza wimbo wa benga, ukipigwa wazi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Besi za tarakilishi zinazosikika katika nyimbo za vijana hushuka chini ya hapo. Sanduku lenye tundu lina tabia moja ambayo kila fundi anapaswa kuihofu: chini ya mlio wake, hewa iliyo ndani huacha kuishikilia koni, nayo koni hucheza ovyo kama mlango usio na kitasa. Kwa hiyo gari lililojengewa sanduku la mitetemo 35 linaweza kuipiga benga siku nzima bila wasiwasi; lililojengewa sanduku hilo hilo kwa vipimo vya nje huirarua spika kwa wimbo ule ule, tena kwa sauti ile ile. Mwenye gari atasema spika ilikuwa mbovu. Fundi atasema programu ilidanganya. Ngoma ikilia sana hupasuka, lakini hii haikupasuka kwa kulia sana. Imepasuka kwa sababu ya unene wa ubao.

Kosa hili limetoka wapi? Programu iliuliza swali lake kwa Kiingereza. Iliuliza kuhusu "volume". Neno hilo katika Kiingereza ni mkoba wenye mifuko mitatu: ni ujazo wa chombo, ni ukubwa wa sauti, na kwa wanafasihi ni juzuu ya kitabu. Kiswahili kimeitenganisha mifuko hiyo zamani. Ujazo ni ujazo, kiwango cha sauti ni kiwango cha sauti, na juzuu ni juzuu. Zaidi ya hayo, neno ujazo linatokana na kitenzi kujaa: ujazo wa mtungi ni kile kinachoujaza mtungi, nacho hukaa ndani. Mtu anayepima ujazo wa mtungi hauzungushii kamba kwa nje, humimina maji. Lau programu ingemuuliza fundi kwa lugha yake, "Ndani ya sanduku mna nafasi ya lita ngapi za hewa baada ya spika na bomba kuingia?", pengine asingepima nje. Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa wala kubuni. Tayari kina usahihi ambao lugha ya programu imeukosa.

Mfano wa pili unachekesha zaidi. Tundu la sanduku huandikwa kwenye programu kwa neno la Kiingereza "port". Mwenye kulitafuta katika kamusi ya kawaida ya Kiingereza na Kiswahili atakutana kwanza na bandari. Kijana wa Kasigau anayejifunza ufundi peke yake usiku, kwa simu na kamusi, anaulizwa kipenyo cha bandari! Bila shaka atabaini kwa kutazama picha. Lakini maarifa yanayopatikana kwa kubahatisha picha hayawezi kumsaidia pale programu inapomwonya kwamba hewa itapita tunduni kwa kasi mno na kutoa mlio wa kufoka, wala pale inapomwonyesha katika mchoro mwingine kwamba koni itavuka mpaka wa mwendo wake. WinISD huionyesha michoro hiyo yote. Aghalabu hutazamwa mmoja tu, ule wa besi, kwa kuwa ndio unaoeleweka bila kusoma.

Ingekuwa upotoshaji, hata hivyo, kudai kwamba tarjuma peke yake ingeondoa ubishi wote. Yapo mambo ambayo programu hazisemi hata zikiulizwa kwa Kiswahili cha Mvita. Kubwa kati ya hayo ni gari. Mchoro wa kawaida wa programu huchukulia kwamba sanduku limewekwa mahali pa wazi. Ndani ya gari lililofungwa mambo ni mengine. Sauti nzito ambayo nusu ya wimbi lake ni ndefu kuliko chumba cha gari haina nafasi ya kusafiri. Huugeuza mgandamizo wa hewa ya chumba kizima, na hivyo huzidi nguvu kadiri inavyoshuka. Kwa chumba cha mita 3 nyongeza hiyo huanza chini ya mitetemo 57 hivi. Kinadharia inaweza kufikia desibeli 12 kwa kila mara mitetemo inapopungua nusu, ingawa mabati yanayotikisika na mianya ya milango huipunguza sana. Baadhi ya programu huruhusu athari ya gari iongezwe kwenye mchoro, lakini lazima mtumiaji ajue kwamba ipo.

Katika nyika ya Taita Taveta kuna jambo ambalo hakuna programu inayoliuliza: madirisha. Gari la abiria linalopita huko mchana wa joto halifungwi madirisha. Madirisha yakifunguliwa, mgandamizo hutoroka, na ile nyongeza ya gari hupotea kwa sehemu kubwa. Fundi hulijaribu sanduku gereji, milango ikiwa imefungwa, naye husikia besi ya kuridhisha. Abiria hulisikia safarini, madirisha wazi, na besi imenyauka. Wote wawili wamesikia sawasawa. Wamesikiliza magari mawili tofauti, ingawa nambari ya usajili ni moja.

Joto lenyewe, ambalo hulaumiwa sana, halina kosa kubwa kama inavyosemwa. Hewa ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 35, kasi ya sauti hupanda kutoka mita 343 hadi karibu mita 352 kwa sekunde, na sanduku la mitetemo 35 huwa la karibu 36. Hakuna sikio litakalolalamikia hilo. Joto linaloleta hasara ni la koili ya spika. Shaba ikizidi joto kwa nyuzi 100, ukinzani wake kwa umeme huongezeka kwa karibu asilimia 40, kwa hiyo spika hupokea umeme mdogo kuliko ilivyohesabiwa, na hata Qts yake hubadilika. Mchoro wa kawaida wa programu huhesabu koili baridi. Safari ya kutoka Voi hadi chini ya mlima haisafiri na koili baridi.

Kuhusu tarakimu za spika zenyewe maneno hayahitaji kuwa mengi. Spika nyingi zinazouzwa bei nafuu hazina karatasi ya vipimo, na zile wati zilizochapishwa kwa herufi kubwa mgongoni mwake ni pambo. Fundi akikosa tarakimu huazima za spika inayofanana. Hapo programu huhesabu kwa usahihi kabisa sanduku la spika ambayo haipo. Tiba yake ipo na si ghali: mlio wa asili huweza kupatikana kwa kupitisha sauti moja moja kwenye spika na kutazama ni wapi umeme unapata ukinzani mkubwa zaidi, kisha sarafu zenye uzito unaojulikana zikabandikwa kwenye koni, mlio ukashuka, na kutokana na mshuko huo Vas ikahesabiwa.

Wakazi wa Kasigau wenyewe si wageni wa hesabu za vitu visivyoonekana. Mwaka 2011 mradi wa Ukanda wa Kasigau unaoendeshwa na Wildlife Works ulikuwa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni kwa misitu iliyonusuriwa isikatwe, chini ya utaratibu wa VCS. Kaboni ya msitu haiwekwi kwenye mizani. Hupimwa vigogo vya miti katika vipande vya ardhi vilivyochaguliwa, kisha fomula hukadiria ya msitu mzima. Anayetaka kujua kama kadirio hilo ni sahihi hana budi kuuliza ni miti gani iliyopimwa na ni nani aliyeshika kamba. Maswali hayo hayo ndiyo yanayofaa kuulizwa kuhusu sanduku la sabufa, na ni ajabu kwamba huulizwa kwa nadra.

Huenda msomaji akahoji: mafundi wamefanya kazi miaka mingi bila istilahi za Kiswahili, wakitumia Kiingereza cha gereji na Sheng, na magari yanalia. Pingamizi hili lina uzito. Mwamba ngoma huvutia kwake, na fundi mwenye sikio lililozoea hulirekebisha bomba kwa kulifupisha na kulirefusha hadi aridhike, kama vile wapigaji wa ngoma wanavyoisogeza ngozi kwenye moto hadi ilie wanavyotaka. Sikio hilo halipaswi kudharauliwa. Ndilo hakimu wa mwisho. Lakini sikio huhukumu kilichokwisha kujengwa. Haliwezi kurejesha lita 20 zilizopotea, wala kumlipa mwenye gari spika iliyoraruka. Na tangu kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo zilipotolewa nchini Kenya mwaka 2009, kuongeza tu sauti ili kufidia sanduku lililokosewa si njia isiyo na gharama, mbali na masikio ya wanafunzi wanaopanda magari hayo asubuhi na jioni.

Tatizo halipo katika gereji peke yake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi za aina hiyo zimeheshimiwa madarasani. Tangu hapo makongamano ya istilahi yamekuwa mengi. Lakini istilahi zikishasanifiwa huhifadhiwa katika majarida ambayo fundi hatayasoma, na wanaozisanifu hawajaingia gereji kuuliza mambo yanaitwaje. Mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu uundaji wa istilahi za tarakilishi bila kumtazama mtu mmoja anayehasirika kwa kuzikosa.

Kazi yenyewe si kubwa. Mtungi una tumbo, shingo na mdomo, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua ni kipi kinachoitwa hivyo. Sanduku la sabufa linaweza kuelezwa kwa maneno hayo hayo: ujazo wa tumbo, urefu wa shingo, upana wa mdomo, mlio wa asili. Karatasi moja ya kubandikwa ukutani, yenye maswali saba au manane ambayo programu huuliza, yakiwa yameandikwa kwa maneno ambayo fundi wa Voi hatahitaji kuyatafsiri, ingetosha kwa kuanzia. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa fizikia wangeweza kuiandaa katika likizo moja, mradi waiandae wakiwa gerejini, na mradi swali la kwanza kwenye karatasi hiyo liwe juu ya unene wa ubao.

Gumu litakalobaki ni Qts. Kudhibitika, kutulia, kuzimika kwa mtetemo: kila neno linashika upande mmoja na kuuachia mwingine. Wapiga ngoma bila shaka wana neno la ngozi inayonyamaza mara mkono unapoondoka na lingine la ile inayoendelea kuvuma. Maneno hayo yanapaswa kukusanywa kwao kabla ya kamati yoyote kukaa.